Siku Binti wa Filamu Alipokufa Zuzu

Nilipougua saratani ya damu, kitu cha kwanza kilichonitoka si nywele. Ni utani.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, hakuwahi kuniita kwa jina tangu tupate akili. Aliniita Uwanja wa Ndege kwa sababu ya hili paji langu pana la uso, na mimi nilimwita mume wangu mbele ya wasichana aliowataka, ili wamkimbie. Mabinamu kwetu ndivyo tulivyo, na hakuna aliyewahi kununa. Niliporudi kutoka hospitali ya mjini nikiwa na kilemba cha kitenge kichwani, alisimama mlangoni kama mtu anayeingia ofisini. "Pole sana, dada yangu. Mungu ni mwema." Nilitamani kumrushia kikombe.

Kijiji chetu kizima, Zuzu, kikawa hivyo. Watu waliingia kwa kunyata, wakaniletea zabibu, wakaongea na mama kwa sauti ya chini huku wakinitazama miguu. Mtu akitaja msiba wowote, mama alikohoa. Mimi ni mtu mzima, daktari alikuwa amenieleza kila kitu bila kupindisha, lakini nyumbani kwetu kifo kilifichwa kama sukari kwenye nyumba yenye watoto. Hasira niliyokuwa nayo ilinipa nguvu kuliko uji wao.

Binamu ndiye anayetafsiri filamu kwenye banda la video karibu na stesheni. Anapunguza sauti ya wazungu, anashika kipaza sauti, na kuigiza mwenyewe sauti zote, za kike, za kiume, hata ya mbwa. Akiona filamu imepooza, anaongeza maneno yake. Jumapili moja nikasikia kwamba alasiri ataonyesha filamu ya kuchekesha ya binti mgonjwa. Mama akasema, "Hiyo si ya kuangalia wewe." Nikavaa kandambili, nikaenda.

Nilikaa benchi la mbele. Binti wa filamu alikuwa mgonjwa kama mimi na mkorofi kama mimi. Aliiba kiti cha magurudumu cha hospitali, akateremka nacho kilima kwenda kwenye harusi ya dada yake, mpira wa dripu ukipepea nyuma. Binamu alimpa sauti yenye lafudhi nzito ya Kigogo, watu wakashika mbavu. Nami nilicheka mpaka kifua kikaniuma.

Kisha kikaja kitanda, shuka jeupe, na mama yake akilia bila sauti. Binamu akanitupia jicho. Akakohoa.

"Hapa binti kasinzia kidogo," akasema. "Amechoka na safari. Kesho anaruhusiwa."

Kwenye skrini wakaanza kuteremsha jeneza.

"Mizigo yake hiyo," akasema.

Nilihisi macho ya wote mgongoni. Nikasimama, nikavua kilemba, nikawageukia na kichwa changu kinachong'aa, kisha nikamgeukia yeye.

"Tafsiri! Tafsiri kilichopo. Huyo kafa. Na mimi naweza kufa, nimeambiwa, najua. Lakini leo sijafa. Ukiendelea kunizika kwa pole zako na mimi bado nakula, nitafanya fujo humu mpaka mashine izimike!"

Kipaza sauti kilimshuka mkononi. Macho yake yalikuwa yamelowa. Niliogopa kwamba nimempoteza kabisa, halafu akakipandisha tena mdomoni.

"Mabibi na mabwana, binti amekufa." Akanigeukia. "Sasa naomba Uwanja wa Ndege ukae chini, unawaziba watu. Naona serikali imeupanua mpaka kisogoni."

Banda lililipuka kwa kicheko. Nilicheka huku nalia, nikamtukana, nikakaa. Akairudisha filamu nyuma, akayatafsiri mazishi yote bila kuruka kitu.

Nilirudi nyumbani kichwa wazi. Mama alikuwa jikoni anasonga ugali. Akanitazama kwa woga.

"Filamu imeishaje?"

"Binti kafa," nikasema. "Mimi nina njaa."

Alisimama na mwiko wake mkononi, midomo ikimcheza. Kisha akanipakulia ugali na mlenda kwenye sahani kubwa, ile ya zamani niliyokuwa nikiitumia kabla sijaugua. Hakusema pole. Nikanawa, nikala.