Siku Niliposhikilia Paa la Gari

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, nayo ni siku niliyosimama ndani ya gari nikiwa nimeinama, paa limenilalia mgongoni, na sikumwita mtu. Ukiniona leo naongea na kila anayepita njia hii ya Kola, usidhani nilizaliwa hivi. Nilifundishwa, na somo lenyewe lilinipata nikiwa nimechelewa.

Baba Mwende, mume wangu, jina lake Kioko, alikuwa amenunua Landkruza kuukuu kwenye mnada. Ilikuwa imezeeka mpaka paa lilikuwa likivuja kila upande, na maembe tukiyapakia yakawa yanachemka mle ndani kama githeri sufuriani. Kioko akasema atakata paa lote kuanzia nyuma ya kiti cha dereva, aweke bomba na turubai, upepo uwe unapita. Akachora mstari wa rangi nyeupe kuzunguka gari, pale msumeno utakapopita. Mstari ukakauka. Kabla hajaugusa akaugua, na kabla ya mavuno tukamzika.

Wakati wa matanga boma lilijaa watu hadi tukakosa pa kuweka sufuria. Baadaye kila mtu akarudi kwake, maana shamba halimsubiri aliyefiwa. Mwende, mtoto wetu, alikuwa shule ya bweni. Nikabaki mimi na kuku, na ng'ambo ya ua, katika nyumba yake ndogo, mama mkwe wangu, Mwaitu Kalunde. Simu za mkononi hazikuwa zimefika kwetu. Jioni nilikuwa nikipika chakula cha watu wawili kwa mazoea, nusu nawapa kuku asubuhi, na kuku wale walinenepa kwa huzuni yangu.

Sasa, mwanangu, huwezi kuelewa kosa langu kama hujui mwethya. Kwetu Ukambani, kazi ikikushinda unawaita majirani nao wanakuja na majembe, wanakulimia au wanakuchimbia matuta, nawe unawapikia. Hiyo ndiyo mwethya. Lakini mwethya huitwa na mwenye kazi. Mtu hatokei tu shambani kwako na jembe begani, maana hapo amekutangaza kwamba umeshindwa, na hayo ni matusi. Mimi hilo nalijua tangu nikiwa mtoto. Ila kufiwa kulinitia kiburi cha ajabu. Nilikuwa nikijiambia, mgonjwa haulizwi uji. Kama wananipenda watakuja wenyewe. Nikakaa nikitazama njia. Wanawake wa kikundi chetu walipita kwenda kwa wengine, wakanisalimu vizuri, wakaendelea. Kila walipopita niliumia, na kila nilipoumia nilifunga mdomo zaidi.

Basi asubuhi moja nikaamka na hasira. Nikasema, paa hili nitalikata mwenyewe. Nikatoa vioo, nikachana kitambaa cha ndani, nikachukua msumeno wa chuma wa Kioko nikaanza kufuata mstari wake. Nitakwambia ukweli, nililia kwenye nguzo ya kwanza. Ya pili nikaacha kulia kwa sababu mikono iliuma kuliko moyo. Nilikata siku ile na kesho yake, nikabakiza nguzo moja ya nyuma, na hiyo nikaingia ndani kuikatia humo, maana nje nilizuiwa na ukuta wa ghala.

Fundi yeyote angeniambia kwamba paa likikosa nguzo ya mwisho haliulizi nani yuko chini. Lilishuka kwa upande wangu. Nikajitupa chini yake kwa mgongo, likanikalia. Upande mmoja uliegemea kiti, huu mwingine nikawa mimi ndiye nguzo. Ukingo wake ulikuwa mkali kama panga, na miguu yangu ilikuwa imebanwa kati ya kiti na mlango. Nikiachilia, linaangukia magoti.

Kivuli cha ghala kilikuwa hakijafika kwenye gari wakati ule. Nilikitazama kikija polepole. Na huku nilimsikia Mwaitu Kalunde jikoni kwake. Nilimsikia akikohoa. Nilimsikia akimkaripia jogoo. Sauti moja tu ingemtoa, lakini sauti hiyo sikuitoa. Nilikuwa nimezoea sana kutoita, hata mdomo ulikataa. Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa mle, hatua chache kutoka kwa mtu, nikibeba paa ambalo hakuna aliyenituma nilibebe.

Kivuli kilikuwa kimelifunika gari lote alipotoka kufungia mbuzi. Akasimama, akanikodolea macho.

"Mama Mwende. Unafanya nini huko ndani?"

"Nashikilia."

"Unashikilia tangu saa ngapi?"

"Tangu jua likiwa huko juu."

"Na mimi nilikuwa hapa jikoni. Kwani wewe huna mdomo?"

"Nilionelea nisikusumbue, Mwaitu."

Alirudi jikoni akaleta mchi wake wa kutwangia muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, akaukita kwenye sakafu ya gari karibu na bega langu, akaniambia nishuke polepole. Paa likakaa juu ya mchi. Nikatoka nikitambaa, nikaketi mchangani kwa sababu miguu haikuwa yangu tena. Naye akaketi kando yangu, akilinyoosha goti lake bovu. Nilidhani atanigombeza kuhusu gari la mwanawe. Gari hata hakulitaja.

"Nikuulize. Uliita nani tangu tumzike?"

"Sikuita mtu."

"Basi nani akuje? Watu wako na adabu. Wanangoja uwaite. Wewe unangoja wakuje. Mtangojana mpaka lini?"

Nikasema niliona wamenisahau. Hapo akanigeukia, na sauti ikambadilika.

"Wewe ulifiwa na bwana. Mimi nilifiwa na mtoto. Mtoto niliyemzaa na hii tumbo. Na kila jioni naona moshi yako kule, nasema, leo ataniita tukule pamoja. Naona unazima taa. Nami nazima yangu."

Mwanangu, kisu kilifika mfupani. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi sikuwa hata nimetazama kama ana kovu. Nilimwona kila siku akichota maji, akichambua maharagwe, nikadhani wazee huzoea kifo kama wanavyozoea baridi. Msiba nilikuwa nimeufanya wangu peke yangu, kama shamba nililolizungushia ua. Tuliishi boma moja tukilia mtu mmoja, kila mmoja na sufuria yake. Nilitaka kumwomba msamaha nikashindwa, nikamshika mkono tu, ule mkono mkavu wenye harufu ya mbaazi, naye akaniacha niushike mpaka mbuzi wakaanza kulalamika.

Kisha akaniamuru nisimame kwenye ukingo wa tuta niite. Niliona aibu kweli. Sauti ya kwanza ilitoka kama ya kifaranga. Akasema, "Hiyo hata jogoo yangu hajasikia." Nikaita tena, na safari hii ng'ambo ya bonde mtu akaitikia, na mwingine mbele yake akaipokea sauti akaipeleka.

Kesho yake walikuja kabla umande haujakauka, wakiimba. Kiongozi wao, mwanamke mnene asiyejua kunong'ona, aliniambia mbele ya wote, "Aiya! Tumekungoja mpaka tukachoka. Tulisema labda huyu hataki mtu." Wakalishika paa pande zote wakalinyanyua kama ungo. Lile lililotaka kunivunja magoti, wao walilibeba huku wakicheka, wakaenda kulifanya banda la kuku. Kidole kimoja hakivunji chawa, sembuse paa la Landkruza. Na turubai lilipokuja, baada ya mafundi wa Machakos mjini kuchomelea bomba, lilishonwa hapa hapa uani, na wanawake waliozoea kusuka viondo, kwa sindano zao kubwa, mshono mzuri ambao mvua haikuupenya.

Usidhani huzuni iliisha siku ile. Usiku niliendelea kugeuka upande wake wa kitanda nikaukuta baridi. Upweke hauondoki kwa sababu umeinua paa. Lakini jioni tulikula sufuria moja na Mwaitu, mara nyingine bila kusema lolote, na kunyamaza watu wawili si sawa na kunyamaza mtu mmoja. Tulikula hivyo miaka, mpaka naye akatangulia. Kinachoniuma hadi leo si kifo chake, kwani alikula chumvi akashiba. Kinachoniuma ni ile miezi ya mwanzo, moshi wake ukiwa kule na wangu huku. Hiyo sitarudishiwa.

Kwa hiyo nisikilize, wewe unayekaa katika chumba chako cha kupanga huko Mlolongo, unayesema watu wa siku hizi hawajali. Wengine hawajali, ni kweli. Wengi wanangoja uwaite, wakiogopa kukuaibisha. Usipime upendo wa watu kwa kunyamaza kisha uhesabu nani amekuja. Mzigo ukikulemea, taja jina la mtu, kwa sauti, mapema, kabla mgongo haujakufa ganzi. Na ukiwa na kilio, chungulia ng'ambo ya ua kwanza. Huenda aliye pale analia kilio hicho hicho, naye amekaa na taa yake akingoja wewe uanze.

Ungekuwa karibu ningekutemea mate kifuani, kama wazee wetu walivyotubariki. Kwa kuwa uko mbali, pokea haya ya mdomo: Mungu akupe mzigo unaokutosha, akupe majirani wenye masikio, na siku sauti yako itakapotoka ndogo kama ya kifaranga, akupe nguvu ya kuita mara ya pili.