Chungu cha Akkamma

Mzee Ulahannan alikuwa amechoka kuambiwa hana ugonjwa alionao. Alichoka zaidi kuambiwa ana ule asiokuwa nao.

Kisukari, watu wa vilima vile walijua, ni maradhi ya wenye vitambi. Ni ya matajiri wa mashamba ya mpira wanaokalia viti huku wengine wakigema utomvu. Ulahannan alikuwa mgema. Miaka arobaini aliamka alfajiri kuchanja magome ya miti ya mpira ya watu, na mwili wake ulikuwa mwembamba kama kisu chake.

"Wewe na sukari wapi na wapi?" walimwambia. "Hata nzi akitua kwako atakosa cha kulamba."

Alipojaribu kueleza ndipo alipoharibu kabisa. Alisema ni kongosho, tezi ya tumboni inayotawala sukari. Tangu ujana tumbo lilimkata mpaka akajikunja kama kamba wa baharini, hadi picha ya hospitali ikaonyesha mawe ndani ya kongosho, madogo mfano wa chenga za mchele. Kongosho likafa polepole. Lilipokufa, sukari ikakosa mwenyewe.

Lakini neno kongosho lilijulikana kijijini kwa sababu ya walevi wawili waliokufa nalo. Basi watu wakaguna. "Ahaa. Kumbe ni kunywa."

Na Ulahannan hajapata kunywa. Daktari mmoja kijana alisema labda ni muhogo. Muhogo! Kijiji kizima kimelelewa kwa muhogo na mchuzi wa samaki. Jirani yake Pailey amekula muhogo kuliko wote, na juu yake ameshushia tembo la mnazi kila siku ya Mungu, na kongosho lake limelala usingizi wa mtoto.

"Mimi nanywa, wewe unaugua," Pailey alikuwa akimtania. "Huo ndio ujirani mwema."

Aliyeujua ugonjwa ule alikuwa mtu mmoja tu, mkewe Akkamma. Hakusoma hata darasa moja. Kila asubuhi alichukua mkojo wa mumewe, akatia matone machache kwenye kichupa kirefu chenye dawa ya buluu, akakichemsha juu ya makaa. Ikibaki buluu, vizuri. Ikiwa kijani, si haba. Njano, anakunja uso. Ikiwa nyekundu kama tofali, siku hiyo nyumba nzima inanyamaza.

Dawa ya sindano aliiweka kwenye chungu. Kilikuwa chungu ndani ya chungu, katikati mchanga, na mchanga anaulowesha asubuhi na jioni. Kilikaa pembeni ya dirisha la jikoni, penye upepo, na dawa ikakaa na ubaridi wa wastani. Chupa aliitoa, akaiviringisha viganjani taratibu, akaiangalia kwenye mwanga isiwe na mabonge, ndipo akavuta alama kumi na sita kwenye bomba la sindano. Hazikuzidi wala kupungua.

"Sindano ikiingia, sahani iwe mezani," alisema. Na kwenye pindo la nguo yake alifunga kipande cha sukari guru, maana sukari ya Ulahannan ikishuka haikuwa na wa kuidaka. Wagonjwa wengine mwili huwashtua mapema na kuwasaidia kupanda. Yeye alianguka kama nazi.

Akkamma alikufa mwezi Juni, mvua zilipoanza. Moyo. Alikuwa anaanika kuni chini ya paa.

Walimzika kwenye makaburi ya kanisa, hatua mia mbili kutoka mlangoni kwake. Ulahannan alizihesabu. Alizihesabu kila siku, kwenda na kurudi.

Baada ya mazishi mwana wao, aliyekuwa akifanya kazi Kuwait, akamletea mkewe friji. Mke huyo ni Lissy, aliyebaki nyumbani na mzee, na Lissy hakuwa mtu mbaya. Alipanguza friji ile mara tatu kwa siku. Alimwondolea mzee taabu zote hata asizoomba kuondolewa. Chungu cha Akkamma akakitoa nje, nyuma ya banda, na kuku mwekundu akakikalia.

"Baba, sasa dawa yako inakaa mahali pa heshima," alisema.

Kila asubuhi alimletea chupa mkononi. Siku nyingine chupa ilikuwa na uvuguvugu, siku nyingine baridi ya kuuma vidole. Ulahannan hakuuliza. Jiko halikuwa lake. Na jambo la kuangalia chupa kwenye mwanga lilikuwa la Akkamma, na Akkamma hayupo. Alivuta alama kumi na sita, akajichoma.

Kichupa kikaanza kutoka njano. Kisha chungwa. Kisha tofali.

"Mzee, unakula nini kwa siri?" daktari wa zahanati akauliza.

"Sili kitu."

"Unakunywa nini?"

"Sinywi kitu!"

"Wote husema hivyo," daktari akasema, akaandika alama ishirini na nne. Mwezi uliofuata akaandika thelathini.

Alama thelathini, na kichupa bado tofali. Usiku alikojoa mara sita. Mchana alikunywa maji kama ng'ombe. Kikoi kilimvuka kiunoni. Hata tembe za hospitali za kusaidia chakula kusagika, alizokuwa akimeza kila mlo, hazikufua dafu.

Lissy akanunua kufuli. Akafunga stoo yenye sukari guru, ndizi, na bati la biskuti, akatundika ufunguo kiunoni.

"Ni kwa ajili yako, baba."

"Mimi si mwizi, Lissy."

"Sijasema mwizi. Nimesema sukari."

Wanakijiji nao wakaja na ushauri. Mmoja alileta matunda machungu ya karela, mwingine mbegu za uwatu za kulowekwa. Mmoja alileta majani ambayo hakuyajua jina hata yeye aliyeyaleta. Ulahannan alimeza yote ili waondoke. Kichupa hakikusikia la mtu.

Kisha barua ikaja kutoka kwa binti yake Lalamma, muuguzi huko Delhi. Aliandika kwamba atakuja kwenye kumbukumbu ya mwaka mmoja wa kifo cha mama. Ameongea na kaka yake kwa simu. Lissy amechoka, kumchunga mzee mjanja si kazi ndogo. Ikiwa siku atakayofika kichupa bado ni chekundu, basi baba atarudi naye Delhi, Lissy ataenda kwao, na nyumba itafungwa. Tikiti ya treni keshaikata.

Ulahannan hakujua kusoma. Lissy alimsomea. Akamwambia asome tena, kisha akainuka akaenda makaburini. Hatua mia mbili. Delhi ni siku mbili na nusu za treni.

"Nenda ukaone ngome za wafalme," Pailey alimwambia pale ukutani mwa kanisa.

"Na Akkamma, nani atamwashia mshumaa? Wewe?"

Pailey akakuna kichwa. "Mimi nikiwasha kitu na tembo hili mwilini, penye majani makavu, padri atanifukuza."

Lalamma alifika siku mbili kabla ya kumbukumbu, pamoja na mvua. Usiku wa kuamkia siku hiyo mti ulikuwa umeangukia waya, umeme umekatika vilima vyote. Alipofika hakuvua hata viatu.

"Baba, kichupa kiko wapi?"

Akachemsha mwenyewe. Walisimama watatu wakitazama. Buluu ikageuka kijani, kijani ikakimbilia njano, na haikusimama hapo. Tofali.

"Baba," Lalamma akasema, kwa sauti ile ya wodini. "Jumatatu tunaondoka."

"Sijala kitu."

"Baba, mimi nimeuguza wagonjwa kama wewe miaka tisa."

"Wote walikuwa waongo?"

Lalamma akavuta mkoba wake. Alitoa kwenye mkoba chupa mpya ya dawa, aliyoinunua mjini akipita, akampa Lissy aihifadhi, maana ile ya zamani ilikuwa imebaki ya asubuhi moja tu.

Asubuhi ya kumbukumbu Ulahannan alijichoma alama thelathini kutoka chupa mpya. Sahani haikuwa mezani. Kwa Akkamma alitaka kupokea komunyo bila hata chai tumboni, na miezi mingi sasa alikuwa akijichoma na kuchelewa kula bila kuona tofauti yoyote. Mtu huzoea. Akafunga kikoi cheupe, akahesabu hatua zake hadi kanisani.

Misa ikawa ndefu. Padri alikuwa mgeni, na wageni hupenda kusikika. Kisha wakatoka kwenda kaburini kwa sala. Nje, chini ya turubai, sufuria la wali wa tui na sukari guru lilikuwa limefunikwa kwa jani la mgomba, likisubiri kubarikiwa na kugawiwa kwa ajili ya marehemu.

Kaburini jasho likaanza. Jasho la baridi, na mvua nayo inanyesha. Midomo ikafa ganzi. Mshumaa aliokuwa ameushika ukaanza kucheza, akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Akaijua hali ile. Hakuwa ameionja tangu Akkamma afe. Akageuka kumwambia, kama alivyozoea, akaona jiwe.

"Mzee vipi?" mtu aliuliza.

Alitaka kusema sukari imeshuka. Kilichotoka kinywani ni maneno yaliyogongana.

"Eeh! Siku ya mkewe!" mwanamke mmoja akanong'ona, kwa mnong'ono wa kusikika na wote. "Amelewa."

"Lisemwalo lipo."

Ulahannan akaondoka. Miguu ilikwenda bila yeye, na ilikwenda kwenye turubai. Akalitupa lile jani la mgomba. Akatumbukiza mkono wote kwenye sufuria, wali ungali moto, akajijaza kinywani. Akarudia tena.

Watu wakapiga kelele. Padri akanyamaza katikati ya sala. Lissy akaja mbio, nguo imejaa tope, akamkamata mkono.

"Si niliwaambia! Si niliwaambieni! Mbele ya kaburi, kabla ya baraka! Lalamma, jionee mwenyewe!"

Akavuta. Mzee akavuta. Wali ukamwagika kifuani. Mkwe alikuwa na nguvu zaidi, na mkono ukaanza kuwa mbali na kinywa. Ulahannan akalia kama mtoto, kwa hasira, si kwa huzuni. Mwaka mzima wamemnyima sukari asiyoitaka. Leo anaitaka wanamnyima!

Pailey alikuwa pale, ananuka tembo saa tatu asubuhi. "Mwacheni!" akasema. "Mimi mlevi nawajua. Huyu si mlevi, mlevi hatoi jasho hivyo!"

Lalamma akafika. Akamshika babaye shingoni, kisha kifundo cha mkono. Uso wake ukabadilika.

"Lissy, mwachie."

"Lakini..."

"Mwachie mkono ale! Anakufa!"

Akachota mwenyewe, akamlisha kwa vidole, tonge kwa tonge, mbele ya kijiji kizima. Wali wa marehemu ukamwingia mumewe kabla haujabarikiwa. Baada ya muda jasho likakata. Ulahannan akaona tena nyuso, moja moja, zote zikimkazia macho.

"Leo umejichoma ngapi?" Lalamma akauliza.

"Thelathini. Kama alivyoandika daktari wenu."

"Na jana thelathini, na juzi. Mbona leo tu ndiyo imeshuka?" Akamgeukia wifi yake polepole. "Lissy. Dawa unaiweka wapi?"

"Kwenye friji. Juu kabisa, penye barafu, pamoja na samaki. Penye baridi ya kweli. Asubuhi naiyeyusha kwa maji ya moto."

"Na hii niliyoleta?"

"Hapo hapo. Lakini umeme haukuwapo, haikuganda." Akasema kwa kuomba radhi.

Mvua tu kwenye turubai.

"Ikiganda inakufa," Lalamma akasema. "Miezi yote hii amekuwa akijichoma maji. Leo ndiyo kajichoma dawa, na nyingi mno."

Lissy akakaa chini palepale kwenye tope, akajifunika uso.

Ulahannan alitaka kupayuka. Alikuwa na mengi. Alikuwa na kufuli, karela, majani yasiyo na jina, daktari na "wote husema hivyo." Akafungua kinywa, akamwona Lissy mabega yakimtikisika, akakifunga.

"Inuka, binti," akasema. "Utaugua mapafu. Nitakaa na wagonjwa wawili?"

Jumatatu Lalamma aliondoka peke yake. Kabla ya kwenda alimwandikia daktari wa zahanati barua, kali, na alama zikarudi kumi na sita.

"Baba, na tikiti?" alisema mlangoni.

"Mpe Pailey. Anataka kuona ngome."

Ulahannan akazunguka nyuma ya banda kuchukua chungu. Kuku mwekundu alikuwa ndani, juu ya mayai kumi na moja, akamdonoa mkono. Akajaribu tena, akadonolewa tena.

"Hata wewe?" akamwambia.

Akamwacha. Vifaranga wana haki yao. Dawa ikawekwa rafu ya chini ya friji, mlangoni, karibu na mayai, mbali na barafu, na kila asubuhi mzee mwenyewe aliitoa, akaiviringisha viganjani, akaiangalia kwenye mwanga. Viganja vyake vilikuwa vizito kuliko vya Akkamma. Alichelewa kujifunza.

Siku ya nane kichupa kikatoka kijani. Lissy alikitazama muda mrefu. Kisha akaingia stoo, kufuli lilikuwa limekwisha kuondolewa, akatoka na kipande cha sukari guru. Akamfungia mkwewe kwenye pindo la kikoi.

"Umefunga sana," mzee akanung'unika. "Nikizidiwa nitafungua kwa meno?"

Lissy akafungua, akafunga tena, mara hii kwa fundo la kuvuta. Ndipo mzee akaenda hatua zake mia mbili, kwa mwavuli uliotoboka.

Mshumaa ulikataa kuwaka. Kiberiti kimelowa. Akakaa ukingoni mwa kaburi, akapapasa pindo kuhakikisha.

"Akkamma," akasema. "Hivi umeniachia watu gani hawa?"

Akasubiri kidogo, kama atajibiwa. Kisha akajaribu njiti nyingine.