Kichwa Nusu cha Hadji

Nilipaswa kumwambia shefu wa mtaa wetu "hapana", neno fupi tu, na leo nisingekuwa na aibu ya kuwasimulia. Alikuja kwangu hapa Butembo siku ya Alhamisi, akaniomba nisiwashe turbini yangu kesho yake kama tulivyopanga, niiwashe Jumamosi, siku ya salongo, wakati kila mtu lazima atoke na jembe kusafisha mitaro. "Papa Paluku, batu bote batakuwa inje, utaonekana!" Nami ninapenda kuonekana (mke wangu anasema huo ndio ugonjwa wangu wa kwanza), nikakubali.

Kambale, mdogo wa mke wangu na fundi mwenzangu, alikunja uso. "Shemeki, siku ya salongo hapana. Batu banagusa kila mutaro." Nikamwambia aache woga. Turbini ile tuliitengeneza sisi wawili kwa miaka mitatu, kwa mabati ya mapipa na dinamo ya lori, nayo ilizungushwa na maji ya mfereji tuliouchimba kutoka kijitoni. Tulikuwa na sheria moja, ya Kambale: hakuna kufungua maji kabla ya kuita mara tatu na kujibiwa.

Mgeni mkubwa alikuwa Hadji, msafirishaji wa Beni, aliyetaka turbini kama ile kwa kinu chake cha mpunga kule Mangina, maana mazutu (dizeli) ya kukiendesha ilikuwa inammaliza. Kazi hiyo ingetutoa kwenye kibanda tulichofanyia ufundi wetu. Basi Jumamosi balbu zikawaka, redio ikaimba, watu wakashangilia na majembe yao mabegani, na mimi, badala ya kuishia hapo, nikamkalisha Hadji kwenye kiti cha kinyozi jirani ili anyolewe kwa mashini inayokula umeme wangu.

Upande wa kulia wa kichwa ulipokwisha, mashini ikanyamaza.

"Inapumua kidogo," nikasema. (Turbini inapumua! Na nilisema hivyo mbele ya mwalimu mmoja wa fizikia.)

"Ipumue mbio," akasema Hadji. "Nikirudi Beni hivi, bibi yangu atauliza nusu ingine nilimuachia nani."

Watu walicheka hadi mmoja akaketi chini. Kambale akafungua kifuniko cha turbini kutafuta kilichokwama, nami nikapanda mbio kando ya mfereji, shati langu jipya likilowa jasho, nikawakuta watu wa avenue ya juu wamepanga mifuko ya udongo kuzuia maji yangu ili wakwangue tope vizuri.

"Papa, tunakusafishia!" wakaniambia kwa furaha.

Sikuita, hata mara moja. Niliivuta ile mifuko kwa mikono miwili.

Maji yakashuka na tope lote. Kule chini (nilisimuliwa baadaye) Hadji alikuwa amechoka kungoja, akampigia Kambale kelele: "Weye fundi, acha hiyo chuma, kuja umalizie kichwa yangu na mukasi yako ya mabati!" Kambale akatoa mkono ndani ya turbini, akageuka, na papo hapo gurudumu likaanza kuzunguka, likaumeza ufunguo wa kufungulia nati aliouacha mle, likautema umepinda. Mashini ya kunyolea ikanguruma yenyewe kitini, Hadji akaruka hadi kwenye tope.

Nilipofika nikitabasamu, hakuna aliyecheka tena. Kambale alikuwa anautazama mkono wake.

"Shemeki, uliita?"

"Nilifikiri..."

"Mukono yangu ilikuwa mule ndani."

Hadji akavaa kofia yake, akaingia garini bila kuaga. Miezi michache baadaye aliagiza turbini, lakini kwa Kambale, ambaye alikuwa amehamia Beni na kufungua karakana yake upande wa Mavivi.

Mwezi uliopita nilimtembelea. Aliponimiminia chai nilivihesabu vidole vyake kimyakimya, vyote kumi, nikashusha pumzi kama ninavyoshusha kila mara, nikamwombea heri Hadji kwa ile kelele yake iliyoutoa mkono ule. Siku hizi naita mara tatu hata nikifungua bomba la uani, na mke wangu anacheka. Mkono wa shemeji yangu ni mzima, na hilo linanitosha kulala. Lakini kwa kupenda kuonekana nilipoteza kazi ya Mangina, na Kambale hajafanya kazi nami tena.