Masikio Yangu na Kapasita ya Fundi Mkuu

Siku ya kwanza kazini nilishika chuma cha kuchomea upande wa moto. Fundi Mkuu aliniambia nimpe, nami kwa kutaka kuonekana mwepesi nikakidaka katikati. Karakana nzima ikacheka. Nilikuwa nimetoka Nachingwea, kwetu Wamwera, mwezi huohuo, na nikapata lengelenge kabla sijaonyeshwa hata pa kukaa. Nalisema hili mapema ili vijana mnaosoma mjue anayewasimulia ni mtu wa namna gani. Wapo watu wanaosahau aibu zao kama wanavyosahau mwavuli kwa jirani. Mimi zangu nazilea.

Karakana yetu ilikuwa Kariakoo, kwenye uchochoro kati ya duka la nafaka na banda la mshona suti. Kazi yetu ilikuwa amplifaya za magitaa kwa ajili ya bendi za dansi. Siku hizi amplifaya inaingia kwenye mkoba. Zetu zilibebwa na watu wawili, na mmoja wao alilalamika mgongo wiki nzima. Ndani mlikuwa na valvu, yaani chupa za kioo zenye nyuzi ndani yake, ambazo lazima zipate joto kwanza ndipo zifanye kazi. Ukiwasha, unasubiri. Zikishaiva zinakuwa na wekundu wa kaa la moto, na gitaa linatoa sauti nene yenye mikwaruzo kidogo, ambayo mashine za leo zinaiigiza tu.

Fundi Mkuu alikuwa na utaratibu wake. Hukugusa kazi ya mteja mpaka ujenge amplifaya yako mwenyewe na ilie. Hapakuwa na darasa. Valvu ulizitoa kwenye redio mbovu ulizonunua kwa bei ya chuma chakavu. Transfoma uliisuka upya kwa mkono, mzunguko baada ya mzunguko, na ukipoteza hesabu ulianza tena. Bati ulikata kwenye debe la mafuta, na sanduku ulitengeneza kwa mbao za makasha ya chai, kwa hiyo mashine yangu ya kwanza ilipopata joto ilinukia kama kibanda cha mama ntilie.

Jambo alilotufundisha kwa maneno lilikuwa moja tu, nalo ni la kuokoa roho. Mashine ya valvu ina volti mia tatu na zaidi, na kapasita, kile kijipipa kinachotunza umeme, hubaki na umeme hata ukichomoa waya ukutani. Kwa hiyo tulifanya kazi kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kukatiza kifuani. Suruali zangu zote zilichakaa mfuko wa kushoto. Mengine yote alisema, "Tazama yangu, fanya kama yangu," akarudi kwenye gazeti lake.

Nikatazama, nikafanya. Kwenye mashine yake nikaona kapasita ndogo ya kahawia imechomewa kati ya nyaya za joto, zile zinazopeleka umeme wa kupasha valvu ya mwisho. Sikuelewa kazi yake. Nikaiweka. Mashine ikalia, nikafurahi mno. Kesho yake udadisi ukanizidi, nikaitoa, nikapiga nyuzi, nikairudisha, nikapiga tena. Nikamwendea Fundi Mkuu.

"Fundi, ile ya kwenye nyaya za joto nimeitoa, sioni tofauti."

"Sauti haionwi, Saidi."

"Namaanisha sisikii tofauti."

Alikunja gazeti taratibu. "Basi masikio yako hayajafika. Irudishe."

Nikawauliza wenzangu mmoja mmoja kama wao wanasikia. Wote walisikia. Mmoja akaniambia kwamba bila kapasita ile mashine ina mvumo wa chini, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kibuyu. Nilisikiliza nyuki huyo mpaka kichwa kikauma. Nikajua basi kwamba nimeingia kazi ya masikio bila masikio, na nikaona aibu ya mtu aliyekwenda kwenye karamu na mwaliko wa mwingine. Sikuwa na nauli ya kurudi kwetu, wala uso wa kurudi nao. Mgeni mwingine alipokuja karakana na kuniuliza, nikamwambia nasikia.

Baada ya hapo nilichukuliwa na bendi moja iliyokuwa ikipiga Ilala, nikawa fundi mitambo chini ya Kiongozi wa Bendi. Kazi ilikuwa kuweka spika mahali pake, kubadili valvu zilizochoka, na kurekebisha sauti ya kila chombo kabla watu hawajajaa. Hapo ndipo nilipojifunza ujanja wangu mkubwa. Kwa kuwa sikuyaamini masikio yangu, niliangalia nyuso. Mpiga solo akikunja paji la uso, nilipunguza ukali. Mpiga besi akifumba macho, niliacha kila kitu kama kilivyo. Nilizisoma sura zao kuliko mama anavyosoma sura ya mtoto mgonjwa.

Kiongozi wa Bendi alikuwa mkali, lakini mimi alinipenda. Siku moja mbele ya wanamuziki wote alisema, "Huyu Mmwera ana masikio ya popo. Hata sijamwambia, keshasikia." Wakanipigia makofi. Nikainama kama nafunga kamba ya kiatu, na siku hiyo nilivaa kandambili.

Sifa ile ilinifuata mpaka chuo cha ufundi, ambako Mkuu wa Karakana alitafuta mtu wa kufundisha mitambo ya sauti. Wakati huo valvu zilikuwa zimeshapitwa, lakini yeye aliamini kama ninavyoamini mimi hadi leo, kwamba anayetaka kuelewa elektroniki ajenge amplifaya ya valvu kwa mikono yake. Kwenye mashine hiyo kila kitu kinaonekana kwa macho: umeme unaingia hapa, unanyooshwa pale, sauti ya gitaa inapanda ngazi kutoka valvu moja hadi nyingine. Nilifundisha vizuri, nadhani. Kapasita ya nyaya za joto niliifundisha pia, na kwa kuwa mwalimu hawezi kusimama ubaoni akasema "sijui," nikaitungia sababu. Nilisema inanyonya mvumo. Nilichora hata mishale.

Kati ya wanafunzi wangu alikuwepo binti mmoja, Ndeshi, ambaye wazazi wake walitoka Kilimanjaro wakafungua duka la vitenge vya jumla Kariakoo. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa wote, na kazi zake zilikuwa safi kiasi kwamba nilizionyesha kwa wageni. Alipomaliza mashine yake aliiwekea swichi ndogo pembeni. Swichi ile iliingiza kapasita na kuitoa bila mashine kuzimwa.

"Mwalimu, nimejaribu sana, mimi sisikii tofauti," alisema mbele ya darasa. "Naomba tugeuke wote, tuangalie ukuta. Mmoja abonyeze swichi, sisi tuseme lini imeingia na lini imetoka. Na wewe ugeuke, mwalimu, utusaidie."

Lilikuwa jaribio zuri, bora kuliko yote niliyowahi kuyafikiria. Niliona wazi kitakachotokea: wanafunzi watasikia, na mimi peke yangu, mwenye masikio ya popo, nitabahatisha kama mnunua tiketi ya bahati nasibu. Nikamtazama binti yule, nikasema kwa sauti ile ile ya Fundi Mkuu, "Masikio yako hayajafika. Ing'oe hiyo swichi."

Darasa likacheka. Ndeshi akachukua koleo. Aliing'oa swichi palepale, akaziba tundu lake kwa gundi, akasawazisha vizuri. Muhula ulipokwisha hakurudi. Nilipomuuliza Mkuu wa Karakana, alisema, "Kwao wana duka. Duka limemwita." Nikaikubali sababu ile haraka, kwa kuwa ilinifaa.

Nilistaafu nikapewa saa ya ukutani na hotuba. Mkuu wa Karakana alitaja masikio yangu mara nyingi kiasi kwamba mke wangu alinigeukia akiniangalia kwa mshangao, kwani nyumbani hulalamika kwamba akiniita siitiki.

Kisha mwaka huu vijana wachache wenye vibanda vya kutengeneza simu pale Kariakoo wakanitafuta. Wameanza kujenga amplifaya za valvu, ramani za kuzijenga wanatoa mtandaoni, na kila nikifika ni "Shikamoo mzee," kiti na chai. Nikawaambia wasisahau kapasita ya nyaya za joto. Mmoja akapekua ramani zake zote kwenye simu, akasema, "Mzee, hii mbona haipo popote? Kwani inafanya nini?" Safari hii sikutaka kuchora mishale. Nikamwambia nitamuuliza aliyenifundisha.

Fundi Mkuu yupo hai, anaishi Kigamboni kwa mwanawe. Nikavuka kwa pantoni pale Magogoni, nikamkuta kibarazani amejikunyata ndani ya koti. Tulisalimiana, tukawataja waliotangulia mbele ya haki. Ndipo nikamuuliza.

"Ile?" Akaanza kucheka hadi akakohoa. "Ile ilikuwa ya wezi."

"Wezi gani, fundi?"

"Mafundi wenzangu. Walikuwa wakifungua mashine zangu wanakopi. Nikaweka kitu kisicho na kazi. Nikiikuta kwenye mashine ya mtu, najua kaiba kwangu." Akajifuta macho. "Kwani nyie mlikuwa bado mnaiweka?"

Nikamwambia ndiyo, tulikuwa tunaiweka. Nikamuuliza kwa nini basi aliniambia masikio yangu hayajafika.

"Ningekwambia nini? Ulikuwa mgeni. Kesho ungehamia kwa jirani na siri yangu. Nilidhani utagundua mwenyewe, ukishajua kazi."

Hilo ndilo lililoniumiza. Niligundua kwenye mashine yangu ya kwanza kabisa, ila sikujiamini. Nilirudi na pantoni nikiwa nimesimama, ingawa viti vilikuwepo. Mtu angedhani ningefurahi: kumbe masikio yangu yalikuwa mazima tangu ujana. Sikufurahi hata kidogo. Nilihesabu wale wote niliowafundisha kusikia kisichokuwepo, nikajua kwamba karakana nzima ya ujana wangu ilikuwa ikidanganyana, kila mtu akimwogopa mwenzake. Na katika wote hao ni mmoja tu aliyepata ujasiri wa kusimama mbele za watu na kusema, nami ndiye niliyemkalisha.

Duka la Ndeshi halikuwa gumu kulipata. Sasa ni mama mtu mzima, ana wasaidizi na foleni ya wanunuzi kutoka mikoani. Aliponiona alitoka nyuma ya meza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kununua."

Akaagiza niletewe soda. Sikuinywa. Nilimweleza palepale, wateja wakisikia, yote: kapasita, wezi, kicheko cha Fundi Mkuu. Nilimwambia kwamba siku ile ya swichi yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Alisikiliza huku akikunja kitenge, akisawazisha pindo kwa pindo.

"Niliuza ile mashine sokoni Mchikichini," akasema. "Nilidhani mimi siwezi. Nilidhani kuna kitu Mungu hakunipa." Akanyanyua uso. "Lakini wewe, mwalimu, ulikuwa unasikia?"

"Sikuwa nasikia."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Mteja mmoja akauliza bei, Ndeshi akamwelekeza kwa msaidizi. Alikiweka kitenge juu ya meza.

"Kumbe tulikuwa wawili," akasema. "Ungeniambia tu, mwalimu. Ningebaki."