Shavu kwenye Gobori

Fundi akiitia mafuta cherehani yangu, ile harufu ya mafuta na chuma hunikosesha utulivu, nikainuka, nikakaa, nikainuka tena.

Baba alitengeneza magobori nyumbani, ukumbini, na hakushika tupa kabla hajajua kama ndani mna baruti. Yeye alipuliza kwenye mdomo wa mtutu, mimi nikaweka shavu kwenye kitundu cha kuwashia. Pumzi ikipenya, yenye joto na harufu ya tambuu, nilisema, “Yaja, baba,” naye akajua mtutu ni mtupu.

Siku hiyo jirani alileta gobori la kupigia harusini, akaapa, “Wallahi, tupu hilo.”

Baba akapuliza. Shavu langu halikuhisi kitu.

“Yaja?”

“Haiji.”

Akapuliza tena mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

“Haiji, baba.”

Mama alikuwa akiingia na seredani ya makaa. Baba hakupaza sauti. “Rudi na moto huo, bibi. Polepole.”

Jirani alianza kucheka, kisha akajisogeza mbali na gobori lake. Baba akalilaza gobori mkekani, akanivuta kwake, akanipuliza shavuni.

“Yaja?”

“Yaja.”

Akapuliza tena.