Niliziba Upepo wa Mnara kwa Dagaa

Jina langu liacheni. Kosa ni langu peke yangu, sina wa kumsingizia.

Mimi ni mlinzi wa mnara wa simu, juu ya kilima kinachotazama ziwa, upande wa Ilagala, mkoani Kigoma. Kwetu ni Kalinzi, kwenye kahawa. Huku nilifuata kazi tu. Sina mke, sina mtoto, na samaki nilikuwa nawajua wakishafika kwenye sahani.

Kazi yenyewe ukiisikia utacheka. Chini ya mnara kuna kabati kubwa la chuma, limesimama nje, juani na mvuani, na ndani yake kuna mitambo inayopitisha simu za watu. Mitambo ile hupata joto kama mgonjwa wa malaria. Basi kuna feni zinazovuta hewa ya baridi upande mmoja kupitia chujio, na kuitoa ya moto upande wa pili. Nilitakiwa kulipiga brashi chujio, kufyeka majani, kujaza mafuta ya jenereta, na kutoruhusu kitu chochote kukaa karibu na kabati. Basi!

Lakini upweke, jamani! Upweke usikieni kwa jirani. Nilikuwa naishi kwenye kibanda ndani ya uzio, nasikiliza feni zikivuma kutwa nzima, na mtu wa kuniuliza nimeamkaje sina. Ikafika mahali nikawa naisalimia jenereta. "Mwakeye," naiambia kwa Kiha. Haiitikii, na mimi nanuna.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi walipokuwa wanavuka kutoka Kongo, maboti yamejaa mpaka unajiuliza yameeleaje. Wengine walipokelewa na ndugu zao wa mwambaoni huku wakisubiri mabasi ya kambini. Na kwa kuwa mtandao ulishika vizuri kule juu, wakaanza kupanda kilimani kupiga simu.

Ndipo akaja dada mmoja, nitamwita Mama Amani. Mgongoni alibeba kichanga. Amani mwenyewe, mkubwa wake aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oka meno, alibaki ng'ambo na mjomba wake, maana boti halikuwa na nafasi tena. Simu dada hakuwa nayo.

"Kaka, rezo iko hapa?" akaniuliza.

"Mtandao upo, dada. Tele."

"Basi unisaidie namba yako. Ndugu yangu ataniita kwa hiyo."

Mwenye boti akarudi ng'ambo na namba yangu kwenye kipande cha boksi la sigara. Mpango wao ulikuwa mwepesi, na unatisha. Mjomba akifika sokoni ataazima simu ya mtu, apige. Akimsikia dada yake, atajua amefika salama, naye atamleta mtoto. Akimkosa, atajua ziwa limemmeza, atamchukua Amani waondoke na wengine kuelekea kusini.

Basi Mama Amani akawa anapanda kila siku kusubiri. Kukaa bure hakuweza, akawa anakuja na beseni la dagaa wa mwenyeji wake. Masika ilikuwa imeshika, jua hakuna, dagaa wanaoza mchangani na wanawake wanalia hasara.

Na hapo ndipo ujuaji wangu ulipoingia!

Kwetu kahawa tunaianika kwenye kichanja, meza ya wavu iliyoinuliwa ili upepo upite juu na chini, na mvua ikija tunaifunika turubai. Nikautazama ule upepo wa moto unaotoka kabatini, unapotea bure. Nikajiambia, huu si wa kukaushia? Nikapiga kichanja mbele ya matundu yale, nikamwaga dagaa, nikateremsha turubai toka juu ya kabati mpaka chini ili joto lisitoroke.

Wakakauka! Mama Amani akapiga vigelegele.

"Kaka, weye uko mulozi!" akasema, anacheka, eti mimi ni mchawi.

Kesho yake akaja na wenzake. Haikuchukua muda kilima kikawa na watu. Wananiletea ugali wa muhogo, wananitania kwamba Muha wa milimani hajui kumtoa mgebuka miba. Nilicheka mpaka nikasahau kufunga geti. Msinielewe vibaya, sikumtongoza mtu. Nilifurahi tu kupata watu wa kula nao.

Chujio nikaacha kulipiga brashi. Lilijaa vumbi la dagaa, na mimi naliona.

Siku moja, baada ya mvua, likatoka jua kali. Simu ikaita. Nikadhani ni mjomba, nikaichomoa kwa pupa. Kumbe ni fundi wa mjini Kigoma.

"Mzee, huku naona kabati lako linachemka. Feni zinazunguka?"

"Zinazunguka."

"Kuna kitu kimeziba mbele ya matundu?"

Nikakitazama kichanja. Mama Amani alikuwa anageuza dagaa kwa kiganja, anaimba taratibu, kichanga kimelala. Nikawaza, nikisema ndiyo, fundi ataamuru viondoke vyote pamoja na watu. Nitabaki na jenereta.

"Hakuna kitu, fundi. Pasafi kabisa."

Ole wangu! Turubai ningelivuta kwa mkono mmoja. Sikulivuta. Nilisema ngoja hawa wakauke kwanza.

Mchana feni zikanyamaza. Nikatazama simu yangu, mtandao hakuna. Ile hewa ya moto ilikuwa inazunguka chini ya turubai na kurudi ndani ileile, mpaka mitambo ikaungua. Mwambao mzima ukawa bubu. Nikavunja kichanja mbiombio, nikatupa wavu korongoni, nikakung'uta chujio. Nilikuwa najificha, sitengenezi chochote!

Barabara ilikuwa tope tupu, gari la fundi likakwama siku na siku. Mama Amani alipanda kila asubuhi, anaichukua simu yangu, anainyanyua juu na kuizungusha huku na huku.

"Kaka, rezo ilikwenda wapi?"

"Ni mvua, dada," nikasema. "Mvua tu."

Fundi alipofika alibadilisha mitambo, akaniuliza, nikaapa. Akasema labda ni radi. Kazi sikuipoteza.

Kisha likaingia boti lingine, na ndani yake jirani yao wa ng'ambo. Alipomwona Mama Amani ufukweni alipiga ukelele, akarudi nyuma.

"Weye ulikufa! Ndugu yako alipiga, akapiga, namba haipatikani. Tulikulilia. Mutoto wako tulimunyoa nywele za kilio. Kisha walienda, banasema ni njia ya Zambia."

Nilikuwepo. Nilimwona Mama Amani akikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka tu. Akauliza swali moja.

"Alikuwa na viatu?"

Jirani hakukumbuka.

Basi la kambini lilipokuja, Mama Amani alinishika mikono yote miwili. "Kaka, usibadilishe namba. Siku moja atajaribu tena." Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba marehemu hapigiwi simu. Wala sikumwambia nani aliyemfanya marehemu.

Miaka imepita. Siku hizi watu wana mtandao hukohuko nyumbani, hapandi mtu. Kabati langu ni safi kuliko sahani yangu, hata mjusi simruhusu. Kwetu Kalinzi siendi, hata kwenye msiba siendi, naogopa kupita bondeni pasipo na mtandao, halafu simu ile ipigwe. Ndugu wameshanikatia tamaa, wanasema nina kiburi.

Mama Amani hupiga kutoka kambini kwa simu za kuazima.

"Kaka, hawajapiga?"

"Bado, dada."

"Mungu akubariki kwa kunishikia laini. Weye ndiye ndugu niliyebaki naye."

Mara ngapi nimefungua mdomo nimwambie! Kinachotoka ni amina.

Ndugu zangu mliokabidhiwa vitu vya watu, nawasihi. Ukiulizwa, sema ukweli, hata kama utafukuzwa, hata kama utabaki peke yako kilimani. Na kama umeshadanganya, kaseme leo, kabla uliyemuumiza hajaanza kukushukuru.