Mafuta Mapya Yalivyomwagika Stesheni

Juzi gari la moshi lilisimama stesheni ya Dodoma likiwa limebeba mashua, ikipelekwa Ziwa Tanganyika. Sisi huku mashua huwa hatuzioni, kwa hiyo tukaizunguka. Mdachi mwenye mashua akaona atumie muda huo kubadilisha mafuta ya injini yake ya dizeli. Fundi wa reli alipotaka kumsaidia, Mdachi alimpungia mkono kama anayefukuza nzi.

Akalala chali, akafungua kizibo cha chini, mafuta meusi yakaingia ndooni. Akaisogeza ndoo pembeni, akapanda juu na kopo jipya, akaanza kumimina huku akipiga mluzi.

Mama mmoja wa Kigogo, muuza maziwa, alikuwa amechuchumaa karibu. Akasema, "Bwana, yanatoka."

"Naijua kazi yangu."

"Haya, bwana. Lakini yanatoka."

Mdachi akazidi kumimina. Mama akachukua kibuyu chake kitupu, akakinga chini ya injini. Kopo lilipoisha ndipo Mdachi akainama, akajipapasa, akatoa kizibo mfukoni. Uso ulimwiva kama pilipili.

Mama akampa kibuyu kwa mikono miwili. "Nimekukingia kidogo, bwana."

Mdachi alikitazama kibuyu, kimeharibika kabisa. "Sasa maziwa utauzia nini?"

"Nitatafuta kingine. Na wewe ziwani utakwendaje?"

"Ahsante, mama," akasema polepole, kisha akamwita fundi wa reli.

Mimi injini siijui. Ila nimeona kwamba aliyechuchumaa chini huliona tundu mapema kuliko aliyesimama juu.